SAFU YA BWANA SHAMBA: Mtakwimu ni Nani?

Ndugu msomaji,

Mwezi huu sitazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Nataka tuzungumze juu ya neno moja. Neno lenyewe ni MTAKWIMU. Huenda umelisikia redioni. Huenda umeliona gazetini, ukalipita kwa sababu ni gumu kidogo. Tulisome pamoja, polepole: m-ta-kwi-mu.

Pengine utauliza, "Bwana Shamba ana shughuli gani na neno hili?" Nina sababu. Kazi ya mtu huyu inagusa chakula chako, mifugo yako na shule ya watoto wako. Siku akimtuma mtu wake kwako, utaulizwa maswali. Ukijua mtakwimu ni nani na anataka nini, utajua namna ya kumjibu. Usipojua, utamwogopa. Na mtu mwenye hofu hasemi kweli.

MAANA YA NENO

Mtakwimu ni mtaalamu wa takwimu. Basi tuanze na takwimu.

Takwimu ni hesabu zilizokusanywa, zikapangwa na kulinganishwa, ili zitueleze jambo. Angalia mfano huu. Ukisema, "Nina mbuzi 6," hiyo ni hesabu tu. Lakini tuseme tumeuliza kila kaya ya kijiji. Tumeandika idadi ya mbuzi wa kila kaya. Tumejumlisha. Tumelinganisha na hesabu ya mwaka jana. Tumeona kwamba mbuzi wamepungua, na wamepungua zaidi katika kitongoji cha bondeni. Hizo sasa ni takwimu. Zimetueleza jambo. Zinatutuma tuende bondeni tukaulize: Je, kuna ugonjwa? Kuna wizi? Au watu wameuza kwa sababu ya njaa?

Mtu aliyesomea kazi hiyo ndiye mtakwimu. Anajua nini kiulizwe, nani aulizwe, na majibu yapangwe vipi. Tena anajua jambo moja kubwa zaidi: hesabu ipi iaminiwe, na ipi isiaminiwe.

Neno hili limejengwa kama maneno mengine tunayoyajua. Anayelima ni mkulima. Anayefuga ni mfugaji. Mtaalamu wa takwimu ni mtakwimu. Akiwa mmoja ni mtakwimu, wakiwa wengi ni watakwimu. Wako pia wanaosema mwanatakwimu. Hawakosei, ni mtu yuleyule. Lakini usiseme "matakwimu". Neno takwimu halibadiliki. Tunasema "takwimu hizi", na tunasema "takwimu zinaonyesha".

Mkuu wa kazi hii katika nchi yetu anaitwa Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Tanzania Bara ina Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Zanzibar ina Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Watakwimu wetu wengi wamesoma Dar es Salaam, katika Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1965.

NENO LIMETOKA WAPI?

Takwimu ni neno lililotoka Kiarabu. Kwa Waarabu maana yake ni kalenda, na asili yake ni kunyoosha kitu, au kukiweka sawa. Waarabu wenyewe hawalitumii kwa kazi tunayoizungumza leo. Kwa kazi hiyo wana neno lingine. Hata kwetu, zamani takwimu ilikuwa na maana ya kalenda. Baadaye Kiswahili kililipa neno hili kazi mpya.

Ukifikiri, utaona kwamba kazi hizo mbili zinafanana. Wazee wa pwani walihesabu siku za mwaka kuanzia Nairuzi. Walizigawa kwa kumikumi. Kila siku kumi waliziita mwongo. Kwa hesabu hiyo mkulima alijua mvua iko karibu, na baharia alijua pepo zinageuka. Hawakuhesabu kwa kujifurahisha. Walihesabu ili wajue la kufanya.

Ndiyo kazi ya takwimu hata leo. Na ile maana ya asili, kunyoosha, inafaa sana kuikumbuka. Mtakwimu ni mtu wa kunyoosha hesabu. Lakini ndugu msomaji, jibu ulilolipinda mwenyewe ni vigumu sana kulinyoosha. Hilo ndilo neno langu kubwa mwezi huu.

HAWA SI WATAKWIMU

Watu wengi huchanganya. Wakimwona mtu ana kalamu na karatasi, humwita mtakwimu. Tuwatenganishe.

Karani wa sensa si mtakwimu. Yeye huajiriwa kwa muda mfupi. Hufundishwa maswali, hupita nyumba kwa nyumba, na huandika majibu. Makarani wengi ni walimu na vijana wetu wenyewe.

Mdadisi naye hufanya kazi kama hiyo, lakini katika uchunguzi mdogo. Haulizi kaya zote. Huuliza kaya chache zilizochaguliwa.

Mhasibu si mtakwimu. Mhasibu hutunza hesabu za fedha. Ukitaka kujua fedha za chama chenu cha ushirika zimekwenda wapi, muulize mhasibu.

Mtoza ushuru si mtakwimu. Huyu hutoza. Mtakwimu hatozi hata senti moja.

Na mimi Bwana Shamba si mtakwimu. Nilisomea kilimo, nikapata cheti. Lakini kila mwezi hujaza fomu juu ya mvua, mazao, wadudu na magonjwa. Fomu hizo hupelekwa wilayani. Mimi, karani na mdadisi tunaleta kuni. Mpishi ni mtakwimu. Kuni zikiwa mbichi, mpishi atapata moshi tu.

KWA NINI WATU WANAOGOPA?

Woga huu una historia. Mwaka 1898 serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya vibanda katika nchi yetu. Vibanda vilihesabiwa, kisha mwenye kibanda alidaiwa. Basi watu wakajibana wengi katika kibanda kimoja ili kodi ipungue. Waingereza nao walitoza kodi ya kibanda na kodi ya kichwa. Hata baada ya Uhuru tulikuwa na kodi ya maendeleo, mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Wazee wetu walijifunza kwamba ukihesabiwa, unadaiwa. Hawakuwa wajinga. Waliyaona kwa macho yao.

Lakini kazi ya mtakwimu ni nyingine, na sheria inaitenganisha. Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, inataka habari za mtu mmoja mmoja ziwe siri. Zinatumika kwa takwimu tu. Mtakwimu hatangazi kwamba Mzee Fulani ana ng'ombe 40. Anatangaza kwamba wilaya ina ng'ombe kadha wa kadha. Jina lako linazama ndani ya jumla, kama tone la maji ndani ya mtungi.

Hapa kuna tofauti ya kukumbuka. Kuandikishwa ni jambo moja, takwimu ni jambo lingine. Kwa mfano, msimu wa 2022/23 serikali ilileta ruzuku ya mbolea. Mkulima aliandikishwa jina lake na ukubwa wa shamba lake, ili yeye mwenyewe apewe mbolea ya bei nafuu. Huko jina lilihitajika. Kwenye takwimu, jina si kitu. Kinachotakiwa ni jibu. Kwa hiyo, mtu akija na daftari muulize kwanza, "Unaniandikisha, au unakusanya takwimu?" Ni swali zuri. Mtu mwaminifu atakujibu bila hasira.

MTAKWIMU HUFANYAJE KAZI?

Kuna njia mbili kubwa. Njia ya kwanza ni kuhesabu wote. Hiyo ndiyo sensa. Tangu Uhuru, Tanzania imehesabu watu wake mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Sensa ya 1967 ilipata watu zaidi ya milioni 12. Sensa ya 2022 ilipata watu 61,741,120. Maana yake ni kwamba katika miaka 55 tumeongezeka kama mara tano. Ardhi haikuongezeka hata hatua moja. Fikiria shamba la babu yako, halafu fikiria wajukuu wangapi wanaligawana leo. Sensa imesema kwa nchi nzima kile unachokiona nyumbani kwako.

Lakini sensa ni ghali. Haiwezekani kuhesabu wote kila mwaka. Kwa hiyo iko njia ya pili, nayo ni kuchukua sampuli. Sampuli ni sehemu ndogo inayosema habari za kitu kizima.

Wewe unaijua njia hii. Mnunuzi wa mpunga hamwagi gunia zima chini. Huchoma gunia kwa bambo, kile kichuma chenye ncha na mfereji. Punje chache hutoka, naye hutazama. Lakini mnunuzi mwerevu hachomi juu tu. Huchoma juu, katikati na chini. Anajua wako wauzaji wanaoweka mpunga mzuri juu na makapi chini.

Mtakwimu hufanya hivyohivyo. Hachagui kaya za barabarani tu, kwa sababu kaya za barabarani huenda zina duka na bati jipya. Hachagui rafiki za mwenyekiti. Huchagua kwa bahati nasibu, kama kura, ili kila kaya iwe na nafasi ya kuchaguliwa. Kwa hiyo jirani yako akiulizwa, na wewe usiulizwe, usinune. Hakupendelewa. Bambo limeangukia kwake. Na wewe ukichaguliwa, jua kwamba unajibu kwa niaba ya kaya nyingi kama yako. Ukidanganya, umedanganya kwa niaba yao wote.

Nikupe mfano wa shambani. Tunataka kujua ekari moja imetoa mahindi kiasi gani. Tunapima mraba wa mita 5 kwa mita 5. Mahali pa kupima panachaguliwa kwa bahati nasibu, hatuchagui penye mahindi yaliyostawi. Mraba huo una mita za mraba 25. Tunavuna mahindi ya mraba huo peke yake, tunayakausha, tunayapukuchua, tunayapima. Tuseme tumepata kilo 5. Ekari moja ina mita za mraba 4,047 hivi, yaani miraba kama 162. Kilo 5 mara 162 ni kilo 810. Ni magunia 8 ya kilo 100, na kidogo zaidi. Mraba mmoja hautoshi kusema habari za kijiji, kwa hiyo tunapima miraba mingi katika mashamba mbalimbali.

Hapo ndipo utaona kwa nini tunauliza kilo, na si magunia tu. Gunia la lumbesa si sawa na gunia la kilo 100. Mmoja akisema magunia 8 ya lumbesa, na mwingine akisema magunia 8 ya kilo 100, wametaja hesabu moja lakini mahindi si sawa.

WASTANI UNAWEZA KUFICHA NJAA

Sasa soma kwa makini. Hili ni jambo ambalo hata wakubwa huteleza.

Tuseme kuna kaya 5. Zimevuna mahindi hivi:

Kaya ya kwanza, magunia 4.
Kaya ya pili, magunia 5.
Kaya ya tatu, magunia 6.
Kaya ya nne, magunia 7.
Kaya ya tano, magunia 28.

Jumla ni magunia 50. Ukigawa kwa kaya 5, unapata magunia 10. Hayo 10 ndiyo wastani.

Tuseme tena kwamba kila kaya inahitaji magunia 8 ili ifike mavuno mengine. Mtu atakayesoma wastani peke yake atasema, "Magunia 10! Kijiji hiki kimeshiba." Lakini tazama orodha. Kaya 4 kati ya 5 hazina magunia 8. Zitaishiwa. Mwenye ghala ni mmoja tu, naye ndiye aliyevuta wastani juu.

Mtakwimu mzuri haishii kwenye wastani. Huzipanga kaya kutoka ya chini mpaka ya juu, halafu hutazama ile ya katikati. Hapa ya katikati ina magunia 6. Jibu hilo liko karibu zaidi na maisha ya wengi. Basi siku ukisikia "kwa wastani", usishangilie wala usilie. Uliza kwanza, "Na wale wa chini wamepata ngapi?" Swali hilo mwulize Bwana Shamba. Mwulize mtendaji wa kijiji. Mwulize hata mbunge. Ukiuliza hivyo, wewe mwenyewe umeanza kufikiri kama mtakwimu.

NG'OMBE WALIOFICHWA

Tuseme kijiji kina ng'ombe 1,200. Mdadisi anakuja. Wafugaji wanaogopa kodi, na wengine wanaogopa kuambiwa wapunguze mifugo. Kila mmoja anataja wachache. Jumla inakuwa ng'ombe 700. Kwenye karatasi kijiji kimepungukiwa ng'ombe 500, ingawa wote wako zizini wanacheua.

Baadaye homa ya mapafu inaingia wilayani. Chanjo zinagawanywa kwa kufuata hesabu. Kijiji kinaletewa chanjo 700. Wafugaji wanakusanyika kwenye josho, wanagombana nani aanze. Ng'ombe 500 wanarudi bila chanjo. Homa ya mapafu hailali. Wale 500 wakiugua, wanawaambukiza wengine. Sasa nani alaumiwe? Daktari wa mifugo alileta kiasi alichoambiwa. Mtakwimu alijumlisha alichoambiwa. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kuongeza hesabu nako ni kubaya vilevile. Wako wanaotaja watoto zaidi au ekari zaidi, wakitumaini msaada mkubwa. Lakini ukisema umelima ekari 10, na kweli umelima 3, wilaya itadhani ina chakula cha kutosha. Msaada utapelekwa kwingine. Umejitia njaa kwa mdomo wako.

Basi usipunguze, usiongeze. Sema kilichopo.

MUUGUZI ALIYEKUWA MTAKWIMU

Usidhani takwimu ni kazi ya watu wa ofisini tu. Nikupe mfano mmoja wa zamani na wa mbali. Uingereza alikuwako muuguzi mmoja, jina lake Florence Nightingale. Mwaka 1854 alikwenda kuuguza askari wa vita, katika hospitali moja huko Uturuki. Askari wengi walikuwa wanakufa. Watu walidhani wanakufa kwa majeraha ya risasi.

Muuguzi huyu alitunza hesabu za vifo, na chanzo cha kila kifo. Vita vilipokwisha alizipanga pamoja na wataalamu wengine. Hesabu zikasema jambo lingine. Walioangamia kwa maradhi walikuwa wengi zaidi kuliko waliouawa na majeraha. Yalikuwa maradhi ya uchafu na msongamano, kama kipindupindu na kuhara. Alichora picha ya hesabu hizo, ili wakubwa wasiopenda kusoma namba waone kwa macho. Serikali ikalazimika kutengeneza usafi katika kambi na hospitali za askari. Mwaka 1858 alichaguliwa kuwa mwanachama wa chama cha watakwimu cha London. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuingia chama hicho.

Tazama alichokuwa nacho: kalamu, daftari, na moyo wa kusema kweli. Mama anayetunza daftari la zahanati kijijini kwetu yuko katika njia hiyohiyo. Akiandika vizuri watoto wangapi wameugua kuhara, na wametoka kitongoji gani, tutajua ni kisima kipi cha kusafisha.

WEWE UFANYE NINI?

Kwanza, tunza daftari lako. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa unajua kusoma na kuandika. Tumia elimu hiyo. Andika tarehe ya mvua ya kwanza. Andika tarehe ya kupanda. Andika ekari ulizolima, kilo ulizovuna, kilo ulizouza na bei yake. Andika mifugo waliozaliwa na waliokufa. Mistari michache kwa juma inatosha. Mdadisi akija, hutabahatisha. Utafungua daftari na kusoma. Na hata asipokuja, baada ya miaka mitatu daftari hilo litakuonyesha mbegu ipi inakulipa na ipi inakupotezea nguvu.

Pili, mtu akija kuuliza, mkaribishe, lakini mtambue. Mwombe kitambulisho. Muulize ametumwa na ofisi gani. Kwa kawaida atafuatana na mwenyekiti wa kitongoji, au mwenyekiti atakuwa na habari zake. Asiyetaka kujitambulisha, usimjibu.

Tatu, mjibu kweli. Kama hujui, sema, "Sijui." Kwa mtakwimu, "sijui" ni jibu jema kuliko hesabu ya kubuni.

Nne, wahesabu wote. Usimsahau mtoto mchanga. Usimsahau bibi aliyelala kitandani. Usimfiche mtoto mwenye ulemavu. Katika sensa ya 2022 waliohesabiwa ni wote waliolala katika kaya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Hakuna aliyeambiwa aachwe. Mtoto asiyehesabiwa hana dawati katika mpango wa shule.

Tano, dai majibu yarudi. Hili ni la mwisho, na ni zito. Mara nyingi hesabu hupanda kwenda juu, kama moshi, wala hazirudi. Hiyo si haki. Katika mkutano mkuu wa kijiji simama uulize, "Tulihesabiwa. Takwimu zimesema nini juu yetu? Zimetumiwaje?" Mtendaji akiwa hana jibu, aende wilayani akalitafute. Watu waliotoa jibu la kweli wana haki ya kupata jibu la kweli.

Mtakwimu hana mvua ya kuleta, wala hana mbolea ya kugawa. Ana hesabu tu. Lakini mwenye mbolea, mwenye chanjo na mwenye dawati humtazama yeye kabla ya kugawa. Naye hukutazama wewe. Basi siku akikufikia, usimpe jibu lililopinda.

MANENO MAPYA

Mtakwimu: mtaalamu wa takwimu. Wengi wao ni watakwimu.
Takwimu: hesabu zilizokusanywa na kupangwa ili zieleze jambo.
Sensa: kuhesabu wote.
Sampuli: sehemu ndogo inayoeleza habari za kitu kizima.
Wastani: jumla iliyogawanywa sawasawa kwa wote.
Mdadisi: mtu anayekusanya majibu katika uchunguzi.
Kaya: watu wanaoishi na kula pamoja.

JARIBU KUJIBU

1. Karani wa sensa na mtakwimu wana tofauti gani?
2. Kwa nini mnunuzi huchoma gunia kwa bambo juu, katikati na chini?
3. Kaya 5 zina kuku 2, 3, 4, 5 na 36. Wastani ni kuku wangapi? Kaya ngapi zina kuku pungufu ya wastani huo?
4. Kijiji chenu kilihesabiwa mwaka 2022. Nani kijijini anajua kilipatikana na watu wangapi? Nenda ukamwulize.

Someni swali la tatu pamoja katika kikundi chenu. Atakayepata wastani wa kuku 10 amefanya hesabu vizuri. Atakayeona kwamba kaya 4 kati ya 5 hazina kuku hao 10, huyo ameelewa somo.

Tuonane mwezi ujao. Tutazungumza juu ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi.

Wako katika kazi,
Bwana Shamba